Hewa Aliyoirudisha Nusu Mtungi

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyembandika binti yangu jina la Nusu Mtungi. Alimbandika mezani kwangu, anakula chakula changu, tena kanyoosha miguu. Wote wakacheka, hata mke wake, ambaye hucheka akishaangaliwa. Mimi niliondoa sahani ya shemeji kabla hajamaliza. Tangu siku ile neno hilo nimeliweka moyoni na halijaoza.

Kisa chenyewe ni hewa. Shemeji, Kapteni kama anavyojiita, ana boti ya kupeleka wageni wakazamie kwenye meli iliyozama karibu na njia ya vyombo vikubwa. Maana mtu ukiwa na kitanda kizuri hotelini, lazima uende kutazama kutu chini ya maji. Binti yangu ndiye alikuwa akiwaongoza. Yeye hewa ya mtungi anaigawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu haligusi, hilo ni la balaa. Mshale wa geji, kile kipimo cha hewa, ukionyesha fungu la kwanza limekwisha, anageuza watu, hata kama mgeni ndiyo kwanza anachungulia chumba cha mashine.

"Unairudisha hewa juu kama mtu anayerudisha sahani imejaa," Kapteni akamwambia pale mezani. "Wageni wananung'unika. Nusu ya kwendea, nusu ya kurudia, basi."

"Na chombo kikipita juu yetu tunapotaka kupanda, baba mdogo? Tutasubiri tukivuta nini?"

"Utavuta subira, Nusu Mtungi."

Hiyo ndiyo akili iliyochekewa. Kesho yake uongozi akapewa mwanawe Kapteni, kijana mzuri, nywele zimechanwa. Wangu akasukumwa kibandani kujaza mitungi, miaka nenda miaka rudi, kompresa ya kusindilia hewa inamngurumia masikioni. Hata bomba la kuvutia hewa ni yeye aliyelihamisha, maana Kapteni alikuwa amelielekeza kwenye moshi wa injini, wageni wakipanda vichwa vinawauma anawaambia ni jua. Kwa shukrani, Kapteni akachora "Nusu Mtungi" kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa kibanda.

Mimi nikaomba kazi ya kuwapa wageni chai kwenye boti. Watu wakanionea huruma, bibi mzima na birika. Wangejua. Nilitaka tu niwe karibu siku mambo yatakapomgeukia, nisije nikasimuliwa.

Siku ikafika. Kamba wanayoishika wageni wakishuka kwenye ile meli ilikatika, na mwanawe Kapteni sikio linamuuma, maskini. Kapteni akasema atashuka mwenyewe akafunge nyingine, Nusu Mtungi amshikie taa, wageni wasubiri.

"Tunageuka hewa ikifika wapi, baba mdogo?" mwanangu akamuuliza, anamkaza mikanda.

"Tunageuka nikimaliza."

Wakashuka. Bendera ya wazamiaji iko juu, inapepea kama ya serikali. Mara nikaona tishari limejaa mchanga, linakokotwa na boti ya kuvuta, linatujia. Mwanawe Kapteni akapiga honi. Boti ya kuvuta nayo ikapiga honi, kama vile tunasalimiana. Mzigo ule hauna breki. Nikatazama mapovu. Yalikuwa mahali pawili, yakasogeleana, yakawa mahali pamoja. Mgeni mmoja akaniomba sukari. Tishari likapita juu ya mapovu yale, maji yakatibuka, sikuona povu tena. Birika lilikuwa linaniunguza kiganja na sina habari.

Halafu likachomoza boya la rangi ya chungwa, refu kama soseji, analolitanguliza mwanangu ili vyombo vimwone kabla hajapanda. Wakakaa chini yake muda mrefu, maana ukipanda mbio mwili unaharibika. Kisha vichwa viwili. Kapteni ana mdomoni mrija wa pili wa mtungi wa mwanangu, anaunyonya kama ndama. Hakuutema mpaka aliposhika ngazi.

Akakaa, maji yanamchuruzika, wageni wote macho kwake.

"Tulisikia injini," akasema, "na chini kule hujui inatoka upande gani. Tukasubiri. Yangu ikaisha."

Mwanangu akawa anamfungua mikanda. "Hiyo uliyovuta, baba mdogo, ndiyo niliyokuwa nairudisha."

Kapteni akamtazama mwanawe, akatazama bendera, akakosa pengine pa kutazama. "Kuanzia sasa mtaongozwa na huyu," akawaambia wageni. "Akigeuka, mnageuka."

Kisha akanigeukia mimi, nadhani alingoja pole ya shemeji yake. Nikammiminia chai. Nusu kikombe.