Mwalimu Aliyekatazwa Kutuhesabu

Nilipokuwa mtoto kule Githongo, ukimuuliza nyanya yangu ana wajukuu wangapi, angekujibu, "Wapo," kisha angebadilisha mazungumzo. Watu hawakuhesabiwa. Kuhesabu watoto wa mtu kulikuwa ni kukionyesha kifo pa kuanzia. Hata mbuzi wake aliwatazama tu wakiingia zizini jioni, na kama mmoja hayupo, alijua. Siku hizo niliona ni jambo la ajabu na zuri. Leo nikikumbuka napandwa na hasira, na sitaificha.

Nasari yetu ilikuwa chumba kimoja cha mbao nyuma ya kanisa, na mwalimu wetu aliitwa Kagendo, msichana aliyekuwa amemaliza shule mwaka mmoja tu kabla. Mimi mwenyewe sasa ni mwalimu wa nasari, kwa hiyo naijua kazi aliyokuwa akiifanya peke yake. Kufuta makamasi, kumbadilisha aliyejikojolea, kurekebisha viatu vilivyovaliwa kushoto kulia, kumbeba anayemlilia mama yake huku mkono wa pili unakoroga uji. Na bado aliimba. Mtoto alipopatia herufi, alicheka kana kwamba ni yeye aliyepewa zawadi. Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kunifurahia namna hiyo.

Kila asubuhi, na tena kabla hatujaenda nyumbani, alitugusa vichwani mmoja mmoja akihesabu kwa sauti. Siku moja nilifika nyumbani nikamwambia Nyanya kwa majivuno kwamba leo tulikuwa thelathini na wanne. Alikuwa akichambua maharagwe. Aliweka ungo chini, akaniuliza ni nani aliyetuhesabu, na alituhesabu kwa macho au kwa kidole. Nikamwonyesha kwa kumgusa kichwani. Aliuondoa mkono wangu upesi kama aliyeunguzwa.

Kesho yake alikuja nasari na akina mama wawili, pamoja na mzee wa kamati ya shule, mtu wa kanisa ambaye Biblia haikumtoka kwapani na ambaye alipaswa kuwa wa kwanza kuikataa imani ya namna hiyo. Mwalimu aliwasikiliza kwa heshima, mikono nyuma.

"Sasa nyanya," akauliza, "nitajuaje kama wote wako?"

"Utawaangalia. Mimi nimelea bila kuhesabu. Mzazi anawajua watoto wake."

Mwalimu akasema wale walikuwa watoto wa nyumba moja, na hawa wametoka kila upande wa kilima. Mzee wa kamati akamkumbusha kwamba kazi hiyo inatafutwa na wengi. Mambo yakaishia hapo.

Lakini hakukata tamaa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alileta vizibo vya soda. Kila mtoto akiingia asubuhi anatia kimoja ndani ya mkebe, na akienda nyumbani anachukua kimoja; kikibaki kizibo, kuna mtoto aliyebaki. Hakutaja nambari hata moja. Tuliupenda mchezo ule kupita kiasi, tukawa tunagombania kufika mapema. Nyanya akaniuliza vizibo hivyo ni vya nini, nami nikamweleza kila kitu, kama mtoto hodari. Mkebe ukaishia chooni.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, alitupeleka kiwandani, si mbali na kanisa, tukaone mashine ikimenya kahawa. Tulikwenda tumeshika kamba moja ndefu. Maganda mekundu yalipomwagika tulipiga kelele za furaha, naye akapiga kelele pamoja nasi, akasahau kwamba ni mwalimu. Tukarudi, tukanywa uji, akatuangalia kama alivyoagizwa, tukatawanyika.

Mutwiri hakufika kwao. Alikuwa na miaka minne, mpole kiasi kwamba hata alipokuwapo ungeweza kumsahau. Jioni mlinzi wa kiwanda alisikia sauti ndogo ikitoka ndani ya tangi la saruji lisilo na maji. Mutwiri alikuwa ametumbukia humo, mguu umevunjika, sauti imekauka kwa kulia. Mguu ule haukuunga vizuri. Mpaka leo anachechemea.

Siku kamati ilipokutana, sisi watoto tulichungulia kwenye nyufa za mbao. Mwalimu alikuwa amesimama, wengine wote wameketi. Alikuwa amelia, lakini aliongea vizuri. Akasema, "Mlinikataza kuwahesabu. Ningewahesabu pale kiwandani, ningejua kabla hatujatoka getini."

Kwa muda mfupi nilidhani wamemsikia. Kisha Nyanya akasema kwa upole, "Ulikuwa umeshawahesabu, mwanangu. Balaa ilichelewa tu kufika."

Wote wakaitikia, mzee wa kamati akiwa wa kwanza. Utabishana vipi na mtu anayesema hivyo? Mtoto akiumia, uliwahesabu. Asipoumia, ni kwa sababu uliacha. Mwalimu Kagendo alifukuzwa siku hiyo hiyo, na sikumwona tena.

Najua Nyanya alizika watoto watatu wadogo kabla mama yangu hajakua. Najua hofu yake haikuwa ya kuigiza. Namhurumia kwa hilo, na bado nimemkasirikia, maana hofu yake aliilipia mwingine, msichana aliyetupenda. Mimi darasa langu nalihesabu asubuhi, baada ya mchezo na kabla ya kufunga, kwa sauti, na mzazi asiyependa nimeshamwambia aje tuongee. Wamekuja kadhaa. Sijawahi kuongea nao kwa upole, na sijutii.

Lakini hasira kubwa kuliko zote ni ya jioni ile baada ya kikao. Nyanya alitoa kiazi kitamu majivuni, akakimega, akanipa kipande kikubwa zaidi mbele ya ndugu zangu. Akasema mdomo wangu ndio uliowaokoa wenzangu, la sivyo tungeisha mmoja mmoja. Nilikila chote. Nilijiona mtu mkubwa. Nyanya alikufa akinisifu kwa hilo, na sikuwahi kumwambia kwamba nilichofanya ni kumfukuzisha mtu pekee aliyehakikisha kwamba hakuna mtoto anayebaki nyuma.