Niliwaambia Wachuchumae Mbele ya Majirani

Admin, naomba ufiche jina langu, maana huku Kasulu tunafahamiana. Bwana asifiwe wapendwa, na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mjane, elimu yangu darasa la saba, kwa hiyo mkiona maandishi yamepinda mnivumilie.

Marehemu mume wangu alikuwa askari magereza. Tuliishi kota miaka mingi, na kila asubuhi nikiwa nafua nilisikia wafungwa wakihesabiwa. Wanachuchumaa wawili wawili, wanaitika. Nikaizoea ile sauti kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani. Kabla hajafariki, mume wangu aliniambia kinachomsumbua ni wale wanaomaliza kifungo. Anawafungulia geti, baada ya miezi anawaona wamerudi, kwa sababu nyumbani walikataliwa. Akasema shamba letu la Kagerankanda nisiliuze, niwape hao pa kuanzia.

Nilianza mwaka 2012, ule ambao kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilifungwa, na watu watatu tu. Mmoja wao nitamwita Ntahondi, si jina lake. Ni mtu wa upande wa Kibondo, rika langu, alikaa ndani miaka kumi na minne. Ndiye aliyefyatua matofali ya bweni, ndiye aliyewafundisha wenzake kutundika mizinga ya nyuki porini. Mfadhili hatukuwa naye. Tulikula mahindi na maharage yetu wenyewe, asali na matofali vikatupatia chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Kufikia 2014 walikuwa kumi na mmoja. Waliniita Mama Afande kwa utani. Maharage yakiungua, Ntahondi anasema, "Mama Afande, hata kule ndani hawakutuadhibu hivi," tunacheka wote.

Kuna jambo niwaeleze mlio mbali. Sisi Waha hatusalimiani kwa haraka. Mtu unamwinamia, unapiga makofi taratibu, unamuuliza ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, na yeye anakupigia vilevile. Majirani walikuwa wakiwapita watu wangu bila makofi, neno moja la njiani basi. Miaka miwili hivyo. Mpaka asubuhi moja mzee wa kanisa letu, jirani yetu, alikuja kutafuta matofali, akasimama mbele ya Ntahondi, akainama, akampigia makofi. "Mwakeye." Salamu nzima, hakuruka kitu. Ntahondi aliitikia vizuri, halafu akaenda nyuma ya tanuru. Nilimkuta analia. Akaniambia, "Mama, leo ndiyo nimetoka."

Mimi niliyeambiwa neno hilo ndiye niliyemrudisha ndani.

Jumapili moja baada ya ibada, mbuzi jike wa yule yule mzee wa kanisa hakuonekana. Watu wakajaa uani kwetu, wengine na fimbo, wanasema wezi wanajulikana. Niliogopa watachoma bweni. Ndugu zangu, mimi ninayeomba hata kabla ya kunywa maji, siku ile sikuomba. Mdomo wangu ulitoa kile nilichokisikia kota miaka yote ile. Nikasema, "Chuchumaeni wawili wawili, nihesabu." Nilitaka majirani waone wote wapo, waone nawamudu. Zikachuchumaa jozi tano. Ntahondi hakuwa na mwenzake, akabaki amesimama peke yake, watu wote wanamtazama. Akaniuliza taratibu, "Mama, hapa pia?"

Nikamwambia chuchumaa. Akachuchumaa. Nikahesabu mpaka kumi na moja, majirani wakaridhika, wakaenda zao.

Kesho yake mbuzi akaonekana bondeni, kamba imenasa kwenye kisiki. Mwenyewe alimchukua kimya kimya, hakuja kusema lolote. Na mimi sikusema. Nilipika wali siku hiyo, nikajidanganya kwamba wameelewa. Siku ya tatu kitanda cha Ntahondi nilikikuta kimetandikwa, nguo za kurinia asali zimekunjwa juu yake. Baadaye wengine watatu wakamfuata. Waliobaki hawaniiti tena Mama Afande. Mizinga imejaa, hakuna anayepanda kurina.

Mwezi uliopita nilisikia anafyatua matofali ya watu huko Kibondo, nikapanda basi na chupa ya asali. Nilimkuta anapanga matofali. Nikasimama mbali kidogo, nikainama, nikaanza kumpigia makofi. Aliponiona akaweka tofali chini, akachuchumaa, kichwa ameinamisha. Nikamwambia inuka kaka yangu, nimekuja kukuomba msamaha. Akasema, "Nimeshakusamehe, mama. Umeshanihesabu, nipo. Nenda salama." Hakuinuka mpaka nilipoondoka. Ile asali niliiacha juu ya matofali, sijui kama aliichukua.

Sasa wale saba waliobaki wamenishauri niite majirani wale wale, uani pale pale, niseme mbele yao kwamba nilikosa. Labda habari zitamfikia. Mzee wa kanisa hataki kusikia. Anasema nikiwaomba radhi wafungwa, kijiji hakitaniamini tena, na kituo hiki cha shambani watakifunga. Hilo naliogopa, maana ndiyo ahadi pekee niliyompa mume wangu. Lakini ninaloogopa zaidi ni hili: nikilisema hadharani, si nitakuwa nimemsimamisha tena Ntahondi mbele ya watu, safari hii hata mwenyewe hayupo? Na nikinyamaza, bweni alilojenga yeye nitalalaje jirani nalo?

Mungu nimemwomba, nimefunga, nimelia. Ila si Mungu niliyemwambia achuchumae.

Nishaurini wapendwa, hasa wenye ndugu waliowahi kufungwa. Nimfuateje mtu huyu ili akiniona abaki amesimama?