Umepata Choo?

Mwaka ule binti yangu alipoanza darasa la kwanza, nilifua chupi nyingi kuliko nilizofua alipokuwa anajifunza kutembea. Tulikaa Manyamanyama, Bunda. Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko barabarani, na kila mteja aliiona kamba yangu ya nguo. Mtoto alikuwa anajichafua kila siku, kidogo kidogo, majimaji. Nikasema anaharisha.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa Butiama, alikubaliana nami kwenye simu. Akaniagiza nimkataze matunda na mboga za majani, nimpe ugali wa muhogo mgumu umkaushe tumbo. Nilitii kwa bidii ambayo sijawahi kumtii nayo katika jambo lingine. Papai likawa mwiko nyumbani kwangu.

Hali ikazidi. Tumbo likamjaa, chakula akawa anakisukuma. Wenzake shuleni wakampa jina ambalo sitaliandika. Mwalimu aliniita, akaniomba kwa upole nimpumzishe nyumbani mpaka apone. Niliona aibu mpaka aibu ikawa hasira, na hasira ikamwangukia mtoto. Nilimchapa, tena zaidi ya mara moja.

Kilichonichoma zaidi ni jibu lake. Nyumbani tunaongea Kizanaki, lakini kwa mambo ya chooni neno letu niliona liko wazi mno, nikatumia la Kiswahili, la kliniki, lenye adabu. Kila jioni nilimuuliza, "Leo umepata choo?" Naye kila jioni alijibu, "Ndiyo, mama." Sasa kama amepata, hii ya kwenye chupi ni ya nani? Nikaamua nimezaa mwongo, nikamchapa na kwa hilo.

Baba yake na mama mkwe wakapanga mtoto ahamie Butiama kwa bibi, shule aanze upya mwaka mwingine. Nilimshonea begi la safari mwenyewe, kwa vipande vya kitenge. Ila moyo ulisita. Nikasema kabla hajaenda nimpeleke Musoma akapimwe, huenda ni minyoo.

Daktari alimlaza, akamminya tumbo chini upande wa kushoto, kisha akauchukua mkono wangu akauweka palepale. Kulikuwa na kitu kigumu kama muhogo. Nikadhani ni uvimbe.

"Hicho ni choo, mama," akasema. "Huyu haharishi, amefunga choo kwa muda mrefu. Kile kigumu kimeziba, cha majimaji kinapita pembeni na kutoka chenyewe. Yeye hata hasikii."

Nikabisha. "Daktari, huyu anapataga choo kila siku. Namuulizaga mwenyewe."

Akamgeukia mtoto. "Eti mama, shuleni unapata choo?"

"Ndiyo."

"Kiko wapi?"

"Nyuma ya darasa la nne. Cha wasichana kina mlango."

"Na huwa unaingia?"

Akatikisa kichwa. "Shimo lake kubwa. Naogopaga kutumbukia. Nabanaga."

"Na nyumbani?"

"Kinaumaga. Nabana tu."

Daktari hakucheka, na ninamshukuru mpaka leo. Mtoto alikuwa amejibu alichoulizwa. Choo alikuwa anakipata kila siku, kiko palepale nyuma ya darasa la nne.

Tulipewa dawa ya maji, tamu, ya kulainisha choo. Siku za mwanzo anywe nyingi, mpaka mzigo wote utoke, kisha kidogo kila siku kwa miezi. Akishakula, akae kwenye poti dakika kumi, miguu imekanyaga kitu imara, bila kuharakishwa. Anywe maji, ale papai na mchicha. Asichapwe wala kusimangwa, kwa sababu mtoto anayeogopa hubana, na anayebana hufunga. Hilo la mwisho daktari alilisema akiniangalia mimi.

Wiki ya tatu nilimwona mzima, nikamwachisha dawa kwa ujuaji wangu. Akafunga tena, tukarudi Musoma, nikasemwa. Safari hiyo nilifuata kama nilivyoambiwa. Mama mkwe nilimweleza yote kwa Kizanaki, kwa neno letu lenyewe la wazi. Kesho yake akatuma mapapai. Begi la kitenge likawa la madaftari.

Siku moja, miezi mingi baadaye, mtoto aliingia kibarazani na sare yake safi. "Mama, leo nimepata choo shuleni."

Nikasimamisha cherehani. "Umekiona au umeingia?"

"Nimeingia. Rafiki yangu alinishikia mlango."

Nilikuwa nimeahirisha neno moja muda wote huo. Nikamwambia, "Nisamehe kwa zile fimbo."

Akafikiri. "Zile za uongo?"

"Hizo."

"Lakini mama, sikusemaga uongo."

"Najua," nikasema. "Nilikuuliza vibaya."