Chungu Nilichokivunja kwa Mgema

Niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa. Kwa kulewa tembo la mnazi, mwanangu Makame alimfanya mkewe arudi kwao. Nikasikia hapa kijijini Kanga wako walevi walioacha, hukutana kila alasiri kutiana nguvu. Sikukalika. Niliuliza nyumba kwa nyumba ili nimpeleke, nikairuka ya mgema wa tembo tu. Walevi walioacha wakae kwa mgema?

Kupita uani kwake, namwona Makame na wanaume watano, wamezunguka chungu. Nikakipiga bakora, kikapasuka.

“Bibi we!” mgema akaruka. “Hiyo asali! Siku hizi tembo silichachishi, nalipika liwe asali. Sisi ndio unaotutafuta!”

Makame akainamisha kichwa. “Mama, leo siku ya tisa sijaonja.”

Nikageuka niondoke. Makubadhi yangu yameganda kwenye asali iliyomwagika.