Nilivyotaka Eneo Jekundu Lifutwe

Nawasimulia kwa kuwa kijijini kwetu Muleba wanajua tayari.

Wanamaji walikuja kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mazoezi yao ya kufyatua mizinga ziwani. Shangazi yangu, anayeishi kwa kuanika dagaa, alinipigia simu Bukoba.

"Wewe mwandishi, njoo utusemee. Samaki wakikimbia nitakula nini?"

Nilichelewa, maana asubuhi nzima nilikuwa chumbani kwangu mtaa wa Bilele, hapo Bukoba, nikiipamba hotuba. Nilipoingia mkutanoni, ramani ilikuwa imebandikwa ukutani na ghuba yetu imepakwa rangi nyekundu. Sikuuliza mtu. Niliomba nafasi nikasimama.

Nilisema ile nyekundu ni damu ya ziwa. Nilisema juu ya maji yatakayotetemeka na nyavu zitakazorudi tupu. Shangazi alinivuta shati. Nikadhani analia, nami nikazidi kupaza sauti.

"Lifuteni eneo hilo jekundu! Leo hii!"

Mtaalamu wa mazingira aliyefuatana na wanamaji aliweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma.

"Ndugu, hapo pekundu ndipo tulipokataza mizinga, kwa sababu ni mazalia ya samaki. Shangazi yako ametuomba hivyo asubuhi, na mkuu wa kikosi amekubali. Sasa unataka tulifute?"

Shangazi alisimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Waitu, ndugu zangu, msiandike hayo! Huyu amefika sasa hivi."

Kisha akanigeukia, akasema polepole, "Kaa chini, mwanangu."