Fundi Tulia na Sailensa Iliyokataa Kunyamaza

Saa mbili asubuhi, fundi ameingiza pua kwenye mdomo wa sailensa, bomba la kutolea moshi wa pikipiki. Ananusa. Anaigonga kwa kifundo cha kidole, anaitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi sokoni, kisha anazunguka nayo uani bila sababu inayoonekana.

"Pamba imekufa," anatangaza. "Humu ndani yamebaki masizi na maneno matupu."

Mwenye pikipiki, mpeleka vifurushi aliyebana kofia ngumu kwapani, anaguna. "Fundi, kaa basi tuongee bei."

"Bei naongea nikiwa nimesimama. Nikikaa inapanda."

Mtaa mzima unamwita Fundi Tulia, maana hilo ndilo neno aliloambiwa zaidi maishani. Mkewe, fundi cherehani ambaye mlango wake unatazama ua huohuo, anasema hata siku ya harusi bwana harusi aliinuka kwenda kusikiliza pikipiki iliyokuwa ikipita barabarani. Shemeji zake wanaapa kwamba alirudi na sailensa ya mtu mkononi, ingali ya moto.

Kuna sailensa zinazotoka na pikipiki kiwandani, na kuna zile ambazo watu hununua pembeni kwa kupenda mngurumo na mng'aro. Hizi za pili ndizo zinazomlisha. Ndani yake mna bomba lenye matundu kama chujio la chai, nalo limezungushiwa pamba ya kioo inayomeza kelele. Pamba ikiungua, kelele inatoka nzimanzima. Yeye huzifungua, akazisafisha na kuzipakia pamba mpya. Malipo ya sailensa moja yanatosha chakula cha nyumbani kwa siku mbili, tatu, wakijibana.

Shida ni kwamba wagonjwa wake huja wakipiga mayowe. Amekwishafukuzwa kwenye nyua tatu. Kwenye ua wa kwanza, watu bado wanasimulia kwamba pikipiki moja ilinguruma alfajiri, jogoo wa jirani akaacha kuwika moja kwa moja, akijua kazi yake imepata mtu mwingine.

Sasa mama mwenye nyumba, mkunga mstaafu anayeishi upande wa pili wa ukuta wa karakana, ametoa neno lake la mwisho. Juzi vikombe vyake vilitembea vyenyewe kabatini vikajirusha sakafuni. Amempa fundi hadi leo jioni. Pikipiki hii ya vifurushi, ndiyo iliyovunja vikombe, ikiwashwa jioni na vyombo vikatetemeka tena, fundi akatafute pengine.

"Mimi sihami," mkewe anasema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Wateja wangu wameshanizoea hapa. Safari hii ataondoka na mabomba yake. Watalala kitanda kimoja, wapashane joto."

Anacheka, lakini cherehani inakimbia kuliko kawaida.

Fundi anatoboa kwa drili vichwa vya ribiti, vile vipini vya chuma vinavyobana kifuniko, anachomoa kifuniko, anavuta bomba la ndani. Pamba inatoka nyeusi, ngumu kama ganda la mkate ulioungua. Anasugua masizi kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Anapiga hatua tatu mlangoni, anautazama ukuta, anarudi.

Amevaa glavu, shati la mikono mirefu na kitambaa usoni, maana pamba ya kioo inawasha kama upupu. Haisaidii sana. "Anajikuna hata usingizini," mkewe anadokeza. "Nikidhani ananipapasa, kumbe anatafuta mgongo wake."

Fundi anaanza kwa stiliwaya, safu nyembamba ya kuzuia moto usiile pamba. Juu yake anazungusha pamba mpya. Kipimo chake ni kidole gumba: ukibonyeza, pamba izame, kisha irudi. Leo anabonyeza, inarudi, lakini moyo wake haurudi. Anautazama ukuta. Anaongeza mzunguko mmoja. Anautazama tena. Anaongeza mwingine, halafu anashindilia kwa mpini wa nyundo.

"Hiyo si imejaa, fundi?" mpeleka vifurushi anauliza.

"Leo nataka ifumbe mdomo mpaka isahau kusema."

Adhuhuri pikipiki inawashwa kwa majaribio. Kinachotoka si mngurumo. Ni mlio mkavu, mkali kuliko wa asubuhi, unaopiga ukuta na kurudi. Upande wa pili kitu kinaanguka na kuviringika.

"Huo ni mfuniko wa sufuria!" mama mwenye nyumba anapaza sauti. "Vikombe vilivyobaki nimevificha chini ya kitanda!"

Fundi anazima injini. Anavua kitambaa usoni. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, amesimama pale pale.

"Pamba inameza kelele kwa sababu ina nafasi ndani yake," anasema taratibu. "Ukiishindilia inakuwa jiwe. Kelele inagonga inakosa pa kuingia, inatoka nje na hasira zake. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza. Ni woga ndio ulioshika nyundo."

Mkewe ametoka na sindano mdomoni. Anaitoa. "Nami nikikaza uzi kwa woga, nguo inakunjamana. Itoe yote, baba watoto. Pakia kama siku ambayo hakuna aliyekutisha."

Basi ribiti zinatobolewa upya. Safari hii amegeuza meza, ukuta uko mgongoni. Stiliwaya, pamba, kidole gumba. Inazama, inarudi. Mkono unanyemelea pamba nyingine.

"Weka chini!" mkewe anamwambia kutoka mlangoni.

Anaweka chini. Anafunga kifuniko na kupiga ribiti harakaharaka, kabla hajabadili mawazo.

Jioni, mpeleka vifurushi anawasha. Mngurumo unaotoka ni mnene, wa chini, kama mheshimiwa anayesafisha koo kabla ya hotuba. Anaongeza moto. Upande wa pili wa ukuta, kimya. Kisha mlango unalia na mama mwenye nyumba anatokea, khanga begani.

"Naisikia," anasema.

"Unaisikia, Mama. Sikatai," fundi anajibu, miguu ikichezacheza.

"Asubuhi ilikuwa inanitukana. Sasa inaongea kama mtu aliyelelewa."

"Na vyombo, Mama?" mkewe anauliza.

"Vimetulia kuliko mumeo." Anamgeukia fundi. "Kaa hapa. Ila zinazokuja mbovu zizimwe kule barabarani, zisukumwe mpaka ndani."

"Mama, pikipiki na mzigo wake kusukuma?" mpeleka vifurushi analalamika.

"Hicho kitambi utakipunguza kwa nini kingine, mwanangu?"

Wakati wenzake wakicheka, fundi ameshaanza kupima ua kwa hatua. Anataka kujenga kibanda cha kujaribia pikipiki: kuta mbili za bati, ya ndani imetobolewa matundu, katikati pamba ya kioo. Yaani sailensa, ila pikipiki nzima inaingia. Mabati ameanza kununua mojamoja.

"Bila kushindilia," mkewe anamkumbusha.

"Bila kushindilia. Na nikimaliza, naweka kiti humo ndani, nakaa."

"Atakaa?" Mkewe anamtazama mama mwenye nyumba. "Labda nimpige ribiti."

Fundi hajasikia. Amefika kwenye kona ya ua, anageuka, anaanza kupima upya.