Wimbo Niliomwimbia Katana

Kayamba ikiinamishwa taratibu, mbegu zilizofungiwa ndani ya matete yake huporomoka upande mmoja kwa mlio kama wa mahindi yanayomiminwa kwenye ungo. Mlio huo ndio ulionilea. Mama yangu alikuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye matanga, ambayo sisi Wagiriama tunayaita mahanga, na kutoka kwetu Jilore mpaka Sabaki msiba ulikuwa haujachangamka mpaka yeye afike. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, msichana wa kiherehere, nikikaa nyuma yake juu ya leso na kuzimeza nyimbo zote pasipo mtu kunifundisha. Watu wakilia, mimi nilikuwa natega sikio: hapa anashusha sauti, hapa ananyamaza kidogo, hapa dada wa marehemu anajitupa chini. Naona haya kuandika hivi, lakini nilikuwa nayafurahia. Siku hizi natunga muziki wa filamu na tamthilia za televisheni, na mpaka leo naifanya kazi hiyo kwa namna ile ile.

Nyimbo zile zilikuwa na sharti moja tu, na hakuna mtoto wa kwetu aliyelisahau: haziimbwi mahali ambapo hapana maiti. Ukizianzisha nyumbani, unamwita mtu wa kuzikwa. Hata kupiga mluzi wake kulikuwa kunakutafutia kofi. Mama mwenyewe akirudi kutoka msibani alikuwa akisukutua maji uani na kuyatema mbali kabla hajavuka kizingiti.

Mwaka ule masika yalizidi. Mahindi yalishika vizuri, mbu nao wakashika vizuri zaidi, na mdogo wangu Katana, wa miaka minne, akashikwa na homa. Alipelekwa zahanati, akapewa dawa, akapata nafuu, kisha homa ikamrudia kwa hasira. Mama alilazimika kwenda shambani kufukuza nyani, kwa hiyo mimi nilibakizwa nyumbani nimwangalie mgonjwa. Katana alikuwa akilia mchana kutwa, kilio cha sauti iliyokauka, na kila kilio kilinikata maini. Nilimwimbia nyimbo zote za kubembeleza watoto nilizozijua. Nikamwimbia za kanisani, nikamwimbia hata tangazo la sabuni la redioni. Hakulala. Ndipo nikakumbuka sauti moja tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Nilifunga mlango, nikaiimba polepole bila maneno, nikijidanganya kwamba bila maneno si wimbo. Katana akalala. Kesho yake nikarudia, na kesho kutwa pia.

Siku ya tatu, Shangazi Dama, dada yake baba, alikuja kutuletea mihogo. Alinisikia akiwa bado uani, akausukuma mlango kwa nguvu. "Sidi! Unamlilia nani na mtu yu hai?" Jioni alimweleza mama mbele yangu, neno kwa neno. Mama aliinuka, akaenda kuinjika chungu. Nilingoja kipigo, hakikuja. Kwa kweli nilikitamani, maana ningepigwa yangekwisha. Siku mbili baadaye Katana alikata roho mapajani mwa mama, wakiwa njiani kwenda hospitali Malindi.

Kwenye hanga lake wimbo ule ule uliimbwa, lakini safari hii aliyeuanzisha alikuwa mwanamke mwingine. Nilifungua kinywa niitikie, Shangazi Dama akanikazia macho, nikakifunga. Mama hakuimba siku ile, wala hakuimba tena kwenye msiba wa mtu yeyote. Watu walikuja kumwita, akawaambia koo lake limekufa. Mimi nilijua kwa nini. Nilikuwa nimemuua ndugu yangu, na mama alikuwa amemwachia Mungu aniadhibu.

Niliyotenda baada ya hapo yangesomeka vizuri kwenye gazeti. Nilijifunza kinanda kanisani Kilifi nikiwa sekondari, nikapiga kwenye harusi za watu, rafiki mmoja akaniomba muziki wa filamu yake fupi, na kutoka hapo nikahamia Nairobi. Wanasema muziki wangu unaliza. Waongozaji wananiletea picha zisizo na muziki, nami namtazama mtu mmoja akifa mara ishirini kabla sijala chakula cha mchana. Mama hajawahi kuniuliza lolote kuhusu kazi hii. Nikiwa nyumbani na tamthilia yangu ikianza, yeye hutoka nje kwenda kuwatazama kuku. Niliichukulia hiyo kuwa hukumu yangu, nikaizoea.

Mwaka huu mwongozaji mmoja aliniletea kipande ambacho mtoto anaugua sana. "Sidi, zile nyimbo zenu za matanga si unazijua? Tia moja hapo, watazamaji wakate tamaa kabisa." Nilimwambia nitampa jibu Jumatatu. Nikateremka Jilore.

Nilimkuta mama uani, anapukuchua kunde. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikaanza kupukuchua naye. Nilikusudia kumweleza habari ya kazi, lakini kinywa kikasema kingine.

"Mama, Katana ni mimi niliyemuua?"

Mikono yake ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Niliimba."

"Najua uliimba. Nilikusikia siku ya kwanza, kabla ya Dama. Nilirudi kuchukua jembe, nikasimama hapo mlangoni, nikachungulia kwenye ufa. Mtoto alikuwa kalala, Sidi. Hakuwa amelala tangu juzi yake. Nikasema, acha alale kidogo. Nikarudi shambani." Alipangusa macho kwa ncha ya leso. "Mimi ndiye niliyezijua nyimbo zile. Wewe ulikuwa mtoto. Ningeimba tena kwa kinywa gani?"

Nililia kama sikuwahi kulia maishani, mimi ninayelipwa kuliza watu. Miaka yote ile nilimwogopa, kumbe naye alikuwa akiniogopa mimi, anangoja siku nitakayomuuliza kwa nini hakuninyamazisha. Wala hakunieleza kuwa sharti lile ni uongo. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kulisema hilo.

Tulipotulia nilimweleza habari ya kile kipande. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mtoto wa kwenye sinema, anapona?"

"Anapona, mama."

"Basi huyo usimwimbie."

Wakati ule nilikuwa na sauti yangu tu na mlango uliofungwa, nikamlaza mtoto. Leo nina studio yenye mitambo ya kila aina na watu wanaongoja kulizwa. Jumatatu nilimrudishia mwongozaji kipande chake kikiwa na sauti moja tu, ya mtoto anavyopumua. Alinipigia simu kulalamika kwamba pale pamepwaya. Nilimwambia paache hivyo hivyo.